Je, bei ya RAM hushuka kila mwaka?

Wengi wanaojiundia kompyuta huamini kwamba RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hushuka bei kadiri muda unavyopita, na kwamba anayesubiri atainunua kwa nafuu. Imani hiyo ina msingi, kwani kwa miongo mingi gharama ya kila gigabaiti imepungua sana, lakini njiani bei hupanda na kushuka: kati ya 2016 na 2018 ilipanda mno, kisha ikaporomoka mwaka 2019. Chipu nyingi za RAM hutengenezwa na kampuni chache, na kiwanda kipya huchukua miaka kadhaa kujengwa, hivyo mahitaji ya vituo vya data yanapoongezeka ghafla, ugavi hauwezi kuyafuata upesi. Chipu za kompyuta zetu na za seva, yaani kompyuta za vituo hivyo, hugombea viwanda vilevile, jambo ambalo wanunuzi wanastahili kuelezwa.

Tovuti zinazohifadhi historia ya bei humwezesha yeyote kuhakiki haya, mradi alinganishe RAM za ukubwa na kizazi kimoja, kwa kuwa RAM ya kizazi cha DDR4 haiingii kwenye ubao mama wa kizazi cha DDR5. Mwenye kompyuta ya Windows abonyeze pia Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, programu zake za kila siku zikiwa wazi, aone kumbukumbu inayotumika. Huenda aliyonayo inamtosha.