Bayolojia sanisi: maana yake, na kwa nini mwanafunzi amwulize mtia rangi

Neno "usanisi" wengi wetu tulikutana nalo shuleni likiwa ndani ya "usanisinuru": jani linachukua maji, hewa ya ukaa na mwanga wa jua, linatengeneza sukari. Kusanisi ni kuunganisha vitu hadi kipatikane kitu kipya. Bayolojia sanisi, basi, ni fani ya kuunda. Unachukua vipande vya DNA ambavyo kazi yake inajulikana, unavipanga upya, unaviingiza ndani ya bakteria au hamira, na kiumbe hicho kinaanza kufanya kazi ambayo hakikuzaliwa nayo.

Mfano ulio karibu uko kwenye friji ya mgonjwa wa kisukari. Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani walifanikiwa kuitengeneza insulini ya binadamu kwa kutumia bakteria, na mwaka 1982 dawa hiyo ikaruhusiwa kuuzwa. Bakteria wanalishwa sukari ndani ya pipa kubwa la chuma, wanazaliana, wanatengeneza kinachotakiwa, kisha kinachujwa na kusafishwa. Huo ndio uzalishaji wa kibayolojia. Aliyewahi kuona mbege ikichacha ameshaona nusu ya kazi, isipokuwa hapa kijidudu kimepewa maelekezo mapya.

Wanafunzi waliingia kwenye fani hii kupitia mashindano ya iGEM. Yalianza kama kozi fupi katika chuo cha MIT, Marekani, Januari 2003, mwaka uliofuata zikashindana timu 5, na leo zinakuja kwa mamia, nyingine za sekondari. Kila timu inabuni kiumbe chake na kukieleza mbele ya majaji. Majaji hao hawaishii kwenye maabara. Wanauliza pia: mlizungumza na nani nje ya chuo, na mlibadilisha nini baada ya kumsikiliza? Kipengele hicho nakiita usanifu shirikishi.

Kinaeleweka vibaya mno. Timu inamtembelea mtaalamu, inapiga naye picha, inaandika kwamba "alitutia moyo". Kama mchoro wa mradi ni uleule kabla na baada ya ziara, basi vijana walikwenda kunywa chai. Ushauri unaonekana pale jeni fulani ilipoachwa, au bidhaa ilipobadilika.

Mfano mzuri ni timu ya chuo kikuu cha Edinburgh, Uskoti, ya mwaka 2006, iliyounda bakteria wa kutambua sumu ya aseniki kwenye maji ya visima, tatizo kubwa la Bangladesh. Wangeweza kuwafanya bakteria wang'ae, jambo linalopendeza sana kwenye picha, lakini mng'ao wa aina hiyo huhitaji mashine ya kuupima. Walichagua bakteria wabadilishe uchachu wa maji, unaosomeka kwa kiashirio cha bei nafuu, yaani kemikali inayobadilika rangi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aseniki isizidi mikrogramu 10 kwa lita; kiwango cha Bangladesh ni 50. Hapo tayari kuna swali ambalo DNA haiwezi kulijibu: kipimo kimwambie mwanakijiji maji ni mabaya kuanzia namba ipi?

Tena wataalamu si maprofesa peke yao. Artemisini, kiini cha dawa mseto za malaria, hutoka kwenye mmea wa jamii moja na pakanga, unaolimwa China na Vietnam na pia Kenya, Tanzania na Uganda. Mwaka 2006 kundi la Jay Keasling, California, lilitangaza kuwa limeiwezesha hamira kutengeneza malighafi ya dawa hiyo, na kampuni ya Sanofi ikaanza kuizalisha kiwandani mwaka 2013. Sayansi ilikuwa safi kabisa. Lakini bei ya artemisini ya shambani ikashuka chini ya ile ya pipa, na baadaye Sanofi ikakiuza kiwanda. Kwa dawa hii, mkulima alikuwa mshindani na pia mtu ambaye kipato chake kiliguswa. Mtu wa namna hiyo unamtafuta mapema.

Sasa neno "endelevu", ambalo siku hizi hubandikwa kila mahali kama stempu. Tuchukue nili, rangi iliyoipa kaniki buluu yake nzito na inayotia rangi jinzi leo. Tangu mwaka 1897, kampuni ya BASF ilipoanza kuuza nili ya viwandani, mashamba ya mnili, mmea unaotoa rangi hiyo, yalizidi kupotea. Nili ya kisasa hutengenezwa kwa kemikali za petroli, na sumu ya sayanidi imo. Mtu wa haraka atasema: bakteria watengeneze nili, tumemaliza.

Mwulize mtia rangi. Atakuambia kwamba nili haiyeyuki kwenye maji. Ili iingie kwenye uzi lazima kwanza ibadilishwe kwa kemikali, kwa kawaida ditionaiti, hadi iyeyuke, na ukiinua kitambaa kutoka kwenye pipa utakiona kina rangi ya manjano na kijani, halafu kinageuka buluu mbele ya macho yako kadiri hewa inavyokigusa. Ditionaiti hiyo huharibu mabomba na kuchafua maji yanayomwagwa. Kwa hiyo nili ya bakteria, ikifika kwa mtia rangi, inakuta pipa lilelile la ditionaiti.

Timu ya wanafunzi wa chuo cha Berkeley, California, mwaka 2013 ilifuata ujanja wa mmea wenyewe. Mnili hauhifadhi rangi ya buluu ndani ya jani. Huhifadhi kitangulizi chake kikiwa kimefungwa na sukari, na hicho huyeyuka vizuri tu kwenye maji. Bakteria wakitengeneza kitangulizi hicho, unakipaka kwenye kitambaa, kisha kimeng'enya (protini inayoharakisha badiliko la kikemikali) kinakata sukari, hewa inamalizia, na buluu inatokea ndani ya uzi bila ditionaiti. Utafiti wa kina kutoka chuo hichohicho ulichapishwa mwaka 2018.

Hata hapo mhandisi wa majitaka ana neno lake. Kila molekuli ya nili ikitengenezwa hivi huacha molekuli mbili za sukari, na sukari ikifika mtoni vijidudu huila na kumaliza oksijeni ya samaki. Wapo watakaotaka kuirudisha kwenye pipa la bakteria iwe chakula. Inawezekana, lakini itabidi kwanza itenganishwe na maji mengi ya kusuuzia, na gharama yake anaijua yeye, si wanafunzi.