Kundi la michakato ni nini, na ishara hulifikiaje?

Umeandika kwenye terminali amri inayounganisha programu tatu: ya kwanza inasoma faili, ya pili inachuja, ya tatu inapanga. Ukibonyeza Ctrl na C, zote tatu hukoma kwa pamoja ingawa hukutaja hata moja. Hiyo ni kazi ya kundi la michakato. Mchakato ni programu inayoendeshwa, na ishara ni taarifa fupi ambayo mfumo huupelekea.

Katika Unix na jamaa zake, Linux ikiwemo, kila mchakato una namba yake na pia namba ya kundi lake. Mchakato mtoto hurithi kundi la mzazi. Sheli unayotumia, yaani programu inayopokea amri zako, huanzisha kundi jipya kwa kila amri unayoiandika, na namba ya kundi huwa ile ya mchakato wa kwanza, yaani kiongozi. Kiongozi akifa, kundi hubaki na namba ileile maadamu yupo mwanachama mmoja aliye hai.

Terminali hukumbuka kundi moja tu lililo mbele, yaani linaloitumia kwa sasa. Ishara ya SIGINT, ya kukatiza kazi, inayotokana na Ctrl na C huenda kwa kundi hilo, na kazi za nyuma haziguswi.

Ukitaka kutuma mwenyewe, siri yote imo kwenye alama ya kutoa. Kitendaji cha mfumo kiitwacho kill kikipewa 4521, ishara hufika kwa mchakato huo peke yake. Kikipewa -4521, huwafikia wote walio katika kundi 4521. Sifuri maana yake ni kundi la anayetuma, naye akiwemo. Lakini -1 ni kila mchakato unaoruhusiwa kuufikia, na kwa msimamizi mkuu hiyo ni karibu mashine nzima. Tafadhali iogope.

Kwenye sheli andika kill -TERM -- -4521; TERM, au SIGTERM, ni ishara ya kuomba mchakato ukome. Usiandike kill -4521, kwa sababu namba ya kwanza yenye alama hiyo husomwa kuwa ni aina ya ishara. Vistari viwili ndivyo vinavyosema kwamba chaguo zimekwisha.

Wengi hukwama hapa: skripti imewasha seva, wanaua skripti tu, kisha wanashangaa lango la mtandao bado limeshikwa. Seva ni mtoto, na kifo cha mzazi hakimuui mtoto; huchukuliwa na mlezi mwingine, kwa kawaida mchakato namba 1, akaendelea na kazi. Ndiyo maana mimi huona ni kosa kwa programu inayozalisha watoto kumtumia ishara kiongozi pekee. Ianzishe kundi tangu mwanzo, na wakati wa kufunga itume SIGTERM kwa kundi zima, isubiri kidogo, ndipo ifuate SIGKILL, ishara ya kuua isiyoweza kukataliwa, kwa waliobaki.

Hata hivyo mtoto anaweza kujitoa kwa kuita setsid, kitendaji cha mfumo ambacho humpa kikao kipya (mkusanyiko wa makundi) na kundi jipya. Programu nyingi za huduma za nyuma hufanya hivyo makusudi, na ishara ya kundi la zamani haitazifikia. Kwenye Linux, kinachowakamata watoro hao ni cgroup, yaani kundi la aina nyingine linalosimamiwa na kiini cha mfumo, kwa kuwa setsid haimtoi mchakato humo.