Mtindo wa bendi: Msondo, Sikinde na wenzao

Ukisikiliza rekodi za muziki wa dansi wa Tanzania za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, utasikia jambo moja linajirudia. Wimbo ukishakolea, mwimbaji anapaza sauti na kutaja neno ambalo halihusiani kabisa na kisa kinachoimbwa: Sikinde! Kamanyola! Anayesikia mara ya kwanza hudhani ni jina la mpenzi au la kijiji. Kumbe anachotaja ni mtindo wa bendi, na bila kuelewa mtindo ni vigumu kuelewa muziki wa dansi wa miaka hiyo.

Mtindo lilikuwa jina ambalo bendi ililibandika kwenye upigaji wake na uchezaji uliokwenda nao. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikajulikana kwa Msondo. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz wakaja na Segere Matata, Afro 70 ya Patrick Balisidya ikapiga Afrosa, Vijana Jazz wakatamba na Pambamoto. Orchestra Maquis, wanamuziki waliotoka Zaire na kuweka makazi Dar es Salaam, walileta Kamanyola, jina la mji ulio mashariki mwa nchi yao. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ikachukua Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Msondo nao ni ngoma, ile ndefu ya unyagoni. Kwa hiyo bendi mbili zilizopendwa kuliko zote jijini zilijiita kwa majina ya ngoma za Pwani, ingawa jukwaani walishika magitaa ya umeme, saksafoni na tarumbeta.

Je, mtindo ulikuwa aina ya muziki? Kwa maana kamili, hapana. Bendi karibu zote zilikuwa ndani ya rumba, na neno "Jazz" kwenye majina yao halikuwa na uhusiano mkubwa na jazz ya Marekani. Muundo wa wimbo pia ulifanana. Unaanza taratibu: mwimbaji anasimulia, wenzake wanaitikia, magitaa yanatembea chini kwa chini. Kisha wimbo unageuka, kasi inapanda, maneno yanapungua au yanaisha kabisa, na bendi inaingia kwenye chemko.

Kwenye chemko ndipo mtindo unapojionyesha. Gitaa la solo linashika kipande kifupi na kukirudia, gitaa la pili linajaza nafasi zilizoachwa, ridhimu inasukuma katikati, besi inajibu kwa chini. Wapuliza ala wanaingia pamoja kwa kipande kinachonata kichwani, wanatoka, wanarudi tena. Tumba hazipumziki. Waliokuwa wamekaa mezani wakisikiliza kisa wanainuka. Hapo mwimbaji anataja mtindo, na watu wanajua namna ya kucheza. Mimi nadhani upangaji wa magitaa ya Mlimani Park kwenye sehemu hii haujapata mpinzani katika Afrika Mashariki, na mkono wa mwanamuziki wake Michael Enoch, ambaye wanamuziki wenzake walimwita "Teacher", unasikika waziwazi humo.

Sasa, kwa nini kila bendi ilihitaji jina la aina hiyo? Sababu kubwa iko kwenye umiliki. Bendi nyingi za wakati huo hazikuwa mali ya wanamuziki. Zilimilikiwa na chama cha wafanyakazi, umoja wa vijana, jeshi, polisi, kiwanda cha nguo cha Urafiki, mashirika ya umma, na wachache walikuwa watu binafsi. Mwenye bendi ndiye mwenye vyombo, na vyombo vilikuwa ghali na vigumu kupatikana. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Akipata ofa nzuri zaidi anahama na sauti yake na vidole vyake, lakini magitaa, spika na jina la mtindo vinabaki.

Muhiddin Gurumo ndiye mfano mzuri kuliko wote. Aliimba Msondo akiwa NUTA Jazz. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa waliohamia Mlimani Park na kuijenga Sikinde. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawachukua yeye na wenzake kadhaa kwa mpigo kuunda Orchestra Safari Sound mpya, nayo ikapewa mtindo wake, Ndekule. Baadaye alirudi Msondo, akaimba huko hadi alipostaafu, na alifariki mwaka 2014. Sauti ni ileile moja, ila mitindo mitatu. Mlimani Park, iliyoachwa ikiwa na pengo kubwa, ilitafuta watu wengine na kuendelea kuitwa Sikinde, na mashabiki wake wakabaki nayo. Hao walikuwa wamefunga ndoa na mtindo, kwa ushabiki usiotofautiana sana na ule wa Simba na Yanga.

Redio nayo ilichangia. Rekodi nyingi zilifanyika katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa kuwa nchini hakukuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Waliotaka santuri walikwenda Nairobi. Mapato makubwa ya bendi yalitokana na viingilio vya ukumbini, na wimbo redioni ukawa tangazo la ukumbi. Mwimbaji aliyetaja mtindo katikati ya chemko alikuwa anamwambia msikilizaji wa mbali nani anapiga.

Mtindo pia uliweza kubadilishwa. Bendi ikipwaya, au ikipata mpiga solo mpya mwenye mawazo yake, ilitangaza jina jipya ili kuamsha mashabiki. Mbaraka Mwinshehe alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, hakuendelea na mtindo wa zamani; alianza upya, na aliendelea kubuni hadi ajali ya gari ilipomuua nchini Kenya mwaka 1979.

Mfumo huu ulilegea miaka ya 1990. Mashirika ya umma yaliyobeba bendi yaliuzwa au kufa, redio binafsi zikaingia na nyimbo za kutoka kila pembe, na vijana wakaelekea kwenye kile kilichokuja kuitwa Bongo Fleva. Huko anayejulikana ni msanii mwenyewe, kwa jina lake. Msondo na Sikinde ziliendelea kupiga, na kwa wapenzi wengi majina hayo yamemeza kabisa majina rasmi ya bendi. Kadiri chama cha wafanyakazi kilivyobadili jina, NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, na leo bendi yenyewe inaitwa Msondo Ngoma.