Albamu Mbili, Jina Moja

Mtangazaji akiniambia "nitolee Machozi", swali langu la kwanza ni: ya nani? Hapa Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Lady Jaydee alitoka na albamu ya "Machozi", na Profesa Jay akatoka na "Machozi, Jasho na Damu". Moja ni ya mwanadada mwenye sauti ya kubembeleza, nyingine ni ya hip hop yenye "Ndio Mzee" ndani yake. Ukicheza moja badala ya nyingine, msikilizaji anapiga simu studio kabla wimbo haujafika kiitikio.

Kazi yangu ni kupanga maktaba ya muziki wa redio, na suala hili nakutana nalo kila mara. Wengi hudhani aliyetangulia kutumia jina amelimiliki. Sivyo. Kwa kawaida hakimiliki hailindi jina peke yake. Inalinda mashairi, muziki na rekodi yenyewe. The Beatles walitoa "Let It Be" mwaka 1970. Mwaka 1984 The Replacements, bendi ya Minneapolis, wakatoa albamu yao wakaipa jina hilo hilo, tena kwa makusudi.

Kuna majina ambayo hata wasanii hawakuyaandika. Albamu ya Metallica ya mwaka 1991 inaitwa "Metallica", basi. Mashabiki ndio walioiita "The Black Album" kwa sababu ya jalada lake jeusi. Prince alikuwa na "The Black Album" yake, akaizuia mwaka 1987 ikiwa karibu kutoka, ikaja kutoka rasmi 1994. Jay-Z naye akatoa ya kwake mwaka 2003. Ukitafuta kwa jina tu, umepata rock, funk na rap kwa mpigo.

Ila aliyenifundisha kutoliamini jina ni Peter Gabriel. Albamu zake nne za kwanza, za 1977, 1978, 1980 na 1982, zote aliziita "Peter Gabriel". Hapo hata kuandika jina la msanii hakukusaidii. Mashabiki wakawa wanazitambua kwa picha za majalada: ile ya gari, ile ya makucha, ile ya uso unaoyeyuka. Ya nne, Marekani, ilibandikwa jina "Security". Picha inafaa ukiwa na jalada mkononi. Kwenye faili la kompyuta lisilo na picha, umekwama.

Kwa hiyo mimi naanza na msanii, kisha mwaka, kisha namba. Kwenye santuri, inamishe kidogo chini ya taa: kwenye ukingo laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo kuna herufi na tarakimu zimechongwa. Jalada linaweza kubadilishwa na lebo ikabanduka, lakini namba ile imo kwenye plastiki yenyewe. CD ina msimbo pau wa tarakimu 12 au 13, ambao ni wa albamu nzima. Kila rekodi ya wimbo nayo hupewa ISRC yake, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha, herufi na tarakimu 12 kwa jumla, na haibadiliki hata wimbo ukihamishiwa kwenye albamu ya mkusanyiko.

Wasanii wetu, na hasa mameneja, nawaomba sana msiipuuze ISRC. Nyimbo mbili zikiwa na jina moja na taarifa nusunusu, mirabaha inaweza kwenda kwa asiyehusika, na kuirudisha ni kazi. Jina mpeane mtakavyo, namba ijazeni.

Kanda za zamani ndizo zinazonitoa jasho. Nyingi zimebaki bila karatasi, au zina neno moja la kalamu, "Vol. 2", pasipo kusema ni ya bendi ipi. Hizo nazisikiliza, upande A na upande B, kisha naandika kwenye daftari mstari wa kwanza unaoimbwa kila upande pamoja na jina la bendi nikiitambua. Mtu akija na kanda ya jina lile lile, tunalinganisha mistari.