Pipi za "kidogo kidogo" na meno ya mtoto

"Tunampa kidogo kidogo tu, daktari." Maneno hayo nayasikia kliniki mara kwa mara, mzazi akiwa amempakata mtoto wa miaka minne ambaye magego mawili ya chini yameshatoboka. Nikidadisi naambiwa: kipande cha chokoleti asubuhi ili akubali kuvaa sare, pipi moja kwenye daladala, ubuyu mchana, pipi ya kijiti jioni ili anyamaze mama apike. Ukizikusanya zote hazijazi kiganja. Tatizo liko hapohapo kwenye "kidogo kidogo".

Bakteria walio kwenye utando unaoganda juu ya meno hula sukari hiyohiyo tunayokula sisi, na ndani ya dakika chache hutoa tindikali. Uchachu ukizidi (pH, kipimo ambacho namba yake hushuka uchachu unapopanda, ikienda chini ya 5.5 hivi), madini ya ganda gumu la jino huanza kuyeyuka. Mate huja kuzimua tindikali na kurudisha madini, ila kazi hiyo huchukua kama nusu saa hadi saa nzima. Mtoto anayepewa pipi kila baada ya saa moja, mate yake hayamalizi kazi hata siku moja.

Haya yalithibitishwa kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa. Miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm nchini Sweden, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi za kunata bila kuombwa ridhaa. Waliopata sukari pamoja na mlo meno yao hayakuharibika sana. Waliotafuna tofi katikati ya milo yalioza vibaya. Ndipo Waswidi wakashauriwa pipi za watoto ziliwe Jumamosi tu, na desturi hiyo ipo mpaka leo.

Kwa hiyo simnyang'anyi mtu chokoleti yake. Tena chokoleti ina nafuu kuliko tofi, maana mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 34, chini ya joto la mwili, hivyo hushuka upesi na mate. Tofi hung'ang'ania kwenye mashimo ya magego, na pipi ya kijiti humung'unywa robo saa nzima. Ubuyu wa rangi, ambao hata mimi naupenda, una sukari, una uchachu wake wenyewe, na mbegu moja mtu anaweza kuizungusha mdomoni mpaka amesahau kwamba anakula.

Nyumbani, wape utamu mara tu baada ya chakula cha mchana, waumalize palepale, kisha wanywe maji. Usiku, wakishapiga mswaki kwa dawa yenye floraidi, kisiingie kitu zaidi ya maji. Pipi ngumu za duara msiwape walio chini ya miaka minne, zinakaba koo.

Watu wazima nao wahesabu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongeza isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Kikombe kimoja cha chai ya vijiko vitatu kimeshakula nusu. Chokoleti ya maziwa, karibu nusu ya uzito wake ni sukari.

Leo jioni mkalishe mtoto penye mwanga, uinue mdomo wake wa juu kwa kidole. Ukiona mstari mweupe kama chaki juu ya meno ya mbele, pembeni mwa fizi, hapo jino limeanza kupoteza madini lakini bado halijatoboka. Mlete wiki hii, usingoje alie usiku. Tukimpaka floraidi, na pipi za katikati ya milo zikikoma, mstari huo unaweza kusimama hapohapo bila kuchimba jino.