Mchezaji Aliye Kimya Naye Anacheza

Wiki hii nimeulizwa tena kwa nini simwondoi mezani mchezaji asiyefanya chochote katika mchezo wetu wa kuigiza hadithi kwa dadu. Aliyeniuliza alikuwa amekesha akitazama Critical Role, kipindi cha mtandaoni ambamo waigizaji hucheza mchezo wa namna hiyo, Dungeons & Dragons, akaondoka na imani ambayo nimechoka kuisikia: kwamba mchezaji bora ni yule anayesema sana, anayebadili sauti na kutokwa na machozi, na kwamba asiyefanya hivyo ni mzigo kwa kundi.

Kuhusu sauti na machozi nitasema machache. Wale wa Critical Role ni waigizaji wa sauti kwa taaluma, na walianza kucheza pamoja nyumbani mwaka 2012, takriban miaka mitatu kabla ya kipindi kurushwa kwa mara ya kwanza Machi 2015. Mazoea ya namna hiyo hayapatikani kwa kununua kitabu cha kanuni.

Linaloniudhi hasa ni hukumu wanayopewa wakimya. Katika kampeni yao ya pili, yaani hadithi ndefu inayochezwa kwa vipindi vingi, iliyoanza Januari 2018, Ashley Johnson alimcheza Yasha, shujaa wa maneno machache. Johnson alikosekana mara nyingi kwa sababu alikuwa New York akiigiza katika tamthilia ya Blindspot, ilhali wenzake walikuwa Los Angeles, na hadithi yenyewe ikaandaliwa ili iibebe hali hiyo, kwa kumfanya Yasha mtu anayeitwa na mungu wa dhoruba, akaondoka na kurudi. Kila aliporejea alikuta mazungumzo yamekwisha kuiva na wenzake wanachekea mambo yaliyotokea akiwa hayupo. Mtu wa namna hiyo, akiwa na busara, husikiliza kwanza. Wapo watazamaji waliouona usikilizaji huo kuwa uvivu, lakini mapenzi ya Yasha na Beau, mhusika wa Marisha Ray, yalikomaa polepole kwa vipindi vingi, nayo ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ya kampeni ile. Kabla ya hapo, katika kampeni ya kwanza, mwenzao Travis Willingham alimcheza Grog, ambaye alama yake ya akili katika mchezo ilikuwa 6, alama ya chini. Mchezaji alielewa mengi ambayo mhusika wake hakupaswa kuyaelewa, na ilimbidi ayameze. Kujizuia huko ni uchezaji, tena uchezaji mgumu.

Mezani kwangu yuko dada anayekaa pembeni, akiizungusha polepole dadu ya pande 20 kwa vidole huku akiandika. Siku moja wenzake walibishana karibu saa nzima kama wachome daraja au waliache, sauti zikapanda, kisha yeye akafungua daftari lake na kusoma jina la mlinzi wa daraja hilo, ambaye kundi lilikuwa limemwahidi usalama miezi mitatu nyuma. Hakuongeza neno. Daraja halikuchomwa.

Hata hivyo, sitaficha kwamba mara nyingine nashindwa kutofautisha kimya cha utulivu na kimya cha woga. Nimewahi kumdhania mchezaji kuwa ametulia, kumbe kila alipofungua kinywa mwenzake alimkatiza. Alipoacha kuja ndipo nilipoambiwa. Tangu hapo, tunapokusanya karatasi za wahusika mwisho wa mchezo, humwuliza kila mmoja faraghani ni wapi alitaka kusema akakosa nafasi. Wengine hunijibu kwa adabu tu, wakaaga, nami hurudi nyumbani nikiwa bado sijui.