Tangi la Juu ya Nyumba Halijai: Dhana Potofu na Ukweli

Inua macho ukiwa Umoja, Zimmerman au South B jijini Nairobi uone matangi yalivyojaa juu ya nyumba. Jiji linalogawiwa maji kwa zamu haliwezi kuishi bila akiba. Zamu ikifika, mtaa mzima hukimbilia saa chache zile zile: tangi la jirani linamwagika, letu limefika nusu. Kinachofuata mara nyingi ni kwenda dukani. Hununuliwa bolkoki mpya (valvu yenye boya ya mdomoni mwa tangi), pampu, hata tangi kubwa zaidi, na wiki ijayo hali ni ile ile.

Kasoro ya tangi lisilojaa huwa mahali fulani kwenye njia ya maji, kati ya mita ya kanjo, yaani kampuni ya maji ya kaunti, na mdomo wa tangi. Mtungi wa lita 20 na saa ya simu vinatosha kuonyesha ni wapi. Usinunue kitu kabla ya kupima.

"Kanjo wamepunguza maji, ndiyo maana halijai"

Huenda ni kweli, ila usikubali bila ushahidi. Funga mifereji yote ya nyumba. Nenda kwenye mfereji ulio karibu zaidi na mita ya maji, ufungue wote, uhesabu muda wa kujaza mtungi wa lita 20. Ukijaa kwa dakika moja, unapata lita 20 kwa dakika. Ukichukua dakika nne, ni lita 5 kwa dakika. Kisha panda juu, fungua paipu inayoingia kwenye tangi kabla ya bolkoki, upime vivyo hivyo.

Juu yatakuwa machache kuliko chini kila wakati, kwa kuwa maji yamepanda. Tafuta pengo lisiloelezeka. Chini lita 20 na juu lita 14 si ajabu kwa nyumba ya ghorofa moja. Chini 20 na juu 3 kwa nyumba hiyo hiyo ina maana kuna kizuizi njiani. Na kama chini kwenyewe ni lita 4, kasoro iko kwenye mita au kabla yake, na hakuna bolkoki itakayoitibu. Mita nyingi zina chujio dogo mlangoni, nalo hujaa mchanga na kutu, hasa maji yanaporudi kwa nguvu baada ya siku kadhaa za ukavu. Mita hiyo ni mali ya kampuni ya maji na ina lakiri. Usiifungue, waite waje waisafishe.

Piga pia hesabu ya muda. Tangi la lita 1,000 kwa lita 5 kila dakika linahitaji saa 3 na dakika 20, tena ikiwa hakuna anayefua nguo chini. Maji yakikaa saa mbili pekee, tangi lako litapata lita 600, na mfumo wako hauna ugonjwa wowote.

Kuna wanaouliza mbona maji ni haba ilhali habari zimesema bwawa la Ndakaini limejaa. Maji ya bwawani lazima yasafishwe kwanza kwenye mtambo wa Ng'ethu, kisha yapitie mabomba makuu hadi jijini. Mtambo na mabomba hayo vina kikomo chake, bwawa lijae lisijae.

"Presha ya chini ni kali, lazima maji yatapanda"

Kila mita 10 za kwenda juu hula takriban baa 1 ya presha. Chukua ploti ya ghorofa tatu: ukijumlisha ya chini, paa liko kama mita 12 kutoka ardhini. Weka stendi ya mita 2, kisha urefu wa tangi lenyewe kwa sababu maji huingilia juu, nawe umepita mita 15. Hiyo ni baa 1.5 kabla tone la kwanza halijadondoka, na unahitaji ziada ili yatiririke.

Geji ya presha ya kufunga kwenye mfereji wa nusu inchi ni chombo rahisi kinachostahili kuwa katika kila ploti. Ifunge kwenye mfereji wa chini, zima matumizi yote, usome. Ikisoma baa 1, maji yatasimama kwenye mita 10 na hayatasogea. Soma tena saa tisa usiku. Presha hupanda watu wakilala, na pengine tangi lako linaweza kujaa usiku tu.

Sasa fungua mfereji mwingine mmoja huku ukiitazama geji. Mshale ukishuka kidogo, njia ni pana. Ukianguka kutoka baa 3 hadi karibu sifuri, presha ipo ila njia imezibwa: chujio la mita, valvu iliyokwama, paipu iliyojaa kutu. Jaribio hili la dakika mbili hutenganisha maji dhaifu na njia iliyoziba, magonjwa mawili yanayofanana machoni lakini yenye tiba tofauti kabisa.

"Mita inazunguka, kwa hivyo maji yanaingia"

Si lazima. Laini iliyokauka hujaa hewa, na maji yakirudi huisukuma hewa hiyo mbele yake kupitia mita, nayo huizungusha. Fungua mfereji wa chini kidogo uache upumue hadi utoke mkondo usiokohoa, ndipo uyaachie maji yapande. Paipu iliyopanda, ikashuka, ikapanda tena juu ya paa hunasa hewa kwenye nundu na kupunguza mkondo. Inyooshe ipande moja kwa moja, au weka koki ndogo ya kutolea hewa mahali pa juu zaidi.

"Bolkoki ni bolkoki, zote ni sawa"

Hapa ndipo makosa mengi yalipo, na ndipo tiba ilipo rahisi zaidi.

Bolkoki ni ile valvu ya mdomoni mwa tangi yenye mkono na boya. Kuna za presha kubwa na za presha ndogo, na kwa nje hufanana. Tofauti ni tundu la ndani: ya presha kubwa huwa na tundu la takriban milimita 3, ya presha ndogo takriban milimita 6. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, eneo la tundu huwa mara nne. Ukifunga ya milimita 3 kwenye nyumba ambayo maji hufika juu yamechoka, umejinyima mwenyewe. Tundu dogo limewekwa kwa sababu nzuri: presha ikiwa kali, boya haliwezi kufunga tundu kubwa, na tangi litamwagika usiku kucha. Kwa hiyo chagua kwa kusoma geji, na ufunge geji huko juu kwenye paipu ya tangi, si chini.

Majaribio mawili kabla ya kulaumu bolkoki. La kwanza, bonyeza boya chini kwa mkono hadi mwisho. Mkondo ukiongezeka, mkono umepinda au boya linakwaruza ukuta wa tangi, kwa hiyo halishuki lote. La pili, fungua bolkoki uiondoe kabisa. Paipu ikibubujika ambapo awali ilidondosha, bolkoki ndiyo mkosa. Paipu ikibaki dhaifu, irudishe bolkoki mahali pake na utafute nyuma.

Kuisafisha: funga valvu ya kuingizia, vuta pini inayoshika mkono, toa pistoni iliyo ndani. Utakuta chembe za mchanga, vipande vya tepu ya fundi, au washa ya mpira iliyovimba. Zibua tundu kwa kijiti cha meno. Msumari hukwaruza shaba, na tundu lililokwaruzwa halifungi tena vizuri. Washa iliyovimba ibadilishwe, haioshwi.

Tangi linalosimama kila mara pale pale, chini ya mdomo, huku maji yakiwa bado yapo, lina boya lililorekebishwa chini mno. Katika tangi lenye kipenyo cha mita 1.1, kila sentimita 10 za kina ni karibu lita 95. Boya likifunga sentimita 30 mapema, unapoteza zaidi ya lita 280 kila zamu. Pindua mkono juu taratibu, au zungusha skrubu yake ya kurekebishia, hadi maji yasimame sentimita 3 hivi chini ya paipu ya kumwagikia. Boya linalozama, likitikiswa ukasikia maji ndani, limetoboka: hilo huleta mafuriko, si upungufu.

"Tulibadilisha paipu zote mwaka jana, kwa hivyo si paipu"

Uliza ziliwekwa zipi badala yake. Paipu za PPR, zile za plastiki zinazounganishwa kwa kuchomwa, hutajwa kwa kipenyo cha nje. Ile ya milimita 20 yenye ukuta wa milimita 3.4 ina uwazi wa milimita 13.2 tu. Ya chuma ya nusu inchi iliyokuwapo, ilipokuwa mpya, ilikuwa na uwazi wa karibu 16. Fundi aliyetoa nusu inchi akaweka ya 20 amepunguza njia kwa karibu theluthi. Badala halisi ni ya milimita 25, yenye uwazi wa 16.6.

Kisha kuna kiungio. PPR ikichomwa muda mrefu kupita kiasi, au ikisukumwa kwa nguvu ndani ya elbo, plastiki iliyoyeyuka hujikunja ndani na kuwa pete. Kwa nje kazi inang'aa. Pima mkondo kabla na baada ya kiungio unachokishuku. Ukipata tofauti, kikate.

Geti valvu nayo hudanganya. Kijiti chake hukatika ndani, geti likabaki chini huku gurudumu likizunguka kama kawaida. Ukizungusha hadi mwisho na mkondo usibadilike, ing'oe, uweke bol valvu inayofunguka kwa robo mzunguko. Valvu ya kuzuia maji kurudi ina mshale mwilini: lazima uelekee tangini.

"Dawa ni pampu kubwa"

Kwanza, tunakuomba kwa dhati: usifunge pampu moja kwa moja kwenye laini ya kanjo. Pampu ikivuta maji mengi kuliko yanayokuja, presha ndani ya bomba hushuka chini ya ile ya hewa nje, na kila ufa huanza kunyonya. Mabomba mengi ya mitaa hupita karibu na mitaro ya maji taka. Unachokivuta utakinywa wewe, na atakinywa jirani aliye kwenye laini ile ile. Njia salama ni tangi la chini lijazwe na presha ya kanjo, kisha pampu itoe hapo kupeleka juu. Katika tangi hilo weka swichi ya boya inayozima pampu maji yakiisha, maana pampu ikizunguka kavu huunguza sili yake.

Pili, kibandiko cha pampu kikiandika lita 40 kwa dakika na mita 40, hupati vyote viwili pamoja. Kwenye mita 40 mkondo ni sifuri, na lita 40 hupatikana bila kupandisha chochote. Angalia jedwali la pampu kwa kimo chako halisi.

Tatu, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Mombasa pampu ya juu ya ardhi ina kikomo cha kinadharia cha kuvuta maji kutoka kina cha mita 10 hivi; hapa ni kama mita 8.5, na kwa vitendo usitegemee zaidi ya 6. Ukubwa wa mota haubadilishi hilo. Sogeza pampu karibu na maji, fupisha paipu ya kuvutia, na usiifanye nyembamba kuliko mdomo wa pampu. Pampu inayonguruma na kutoa maji yenye mapovu huenda inavuta hewa: izime, jaza maji kwenye paipu ya kuvutia, kisha tafuta kiungio kinachovuja.

"Tuongeze tangi la pili, au tuliinue hili"

Kuinua tangi huongeza presha ya bafuni, na hupunguza maji yanayoingia. Ukiwa na kilio cha kutojaa, unazidisha tatizo.

Matangi mawili yaliyounganishwa chini hushiriki usawa mmoja wa maji. La pili likiwa kwenye stendi iliyo juu kwa sentimita 30, bolkoki ya lile la chini itafunga lile la juu likiwa bado na pengo la sentimita 30. Ukihamishia bolkoki kwenye la juu, la chini litamwagika. Yasawazishe kwa pima maji ya fundi kabla ya kujaza, kwa sababu lita 1,000 zina uzito wa tani moja na hazisogezwi.

"Limejaa tope, ndiyo maana linachukua maji kidogo"

Sentimita 2 za mashapo katika tangi la kipenyo cha mita 1.1 ni lita 19 tu. Lioshe kwa ajili ya afya na kwa ajili ya mifereji yako, lakini kasoro ya kujaa itafute kwingine.